Tulivyohamia Mafia, na Magodoro Yakatangulia

Tangu nimeshuka stendi, kila ninayekutana naye hapa Iyunga ananiuliza swali lile lile: "Eti mama Upendo, huko kisiwani mnaishije?" Kwenye mazoezi ya kwaya nimeulizwa. Kwenye mashine ya kusaga nimeulizwa, tena na watu ambao foleni yao ilikuwa imefika wakaacha unga wao kwanza. Wengine mmesikia tulizama. Hatukuzama. Wengine mmesikia mume wangu amesilimu. Hajasilimu, alivaa kofia tu, na kofia yenyewe nitaifikia.

Basi naandika mara moja, nisirudie rudie. Habari za tiketi na uhamisho wa shule siziandiki, hizo kila mtu anazijua zinavyochosha. Naandika njia yenyewe tulivyopita, na anayefikiria kuhamisha watoto wake kwenda kuishi baharini ataokota humo la kumfaa.

Kwa asiyetujua vizuri: mume wangu ni fundi wa majokofu, Mhehe wa Kihesa pale Iringa. Mimi ni Mnyakyusa, nashona nguo. Alipata kazi kwenye ghala la kugandishia samaki kisiwani Mafia, akatangulia peke yake. Alikaa huko msimu mzima wa mvua akipiga simu kila jioni. Upendo, binti yetu mkubwa, alikuwa anaigombania simu. Lusajo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuongea vizuri baba yake alipoondoka, mwanzoni alikuwa anasikiliza, halafu akawa anakataa, mwishoni ukimpa simu anakimbilia uani. Siku moja nikamsikia anamwambia mwenzake, "Baba yangu ni simu." Walicheka wote. Mimi sikucheka. Jioni hiyo nilimwambia mume wangu, tafuta nyumba, tunakuja.

Iyunga mpaka Kihesa

Tulibeba magodoro, vyombo, cherehani yangu, unga, maharage na mchele wa Kyela. Jirani yangu mama Tuse alinicheka akasema nahama kama naenda mwezini. Kumbe angenicheka kwa blanketi, sio kwa chakula. Blanketi zile nzito nimerudi nazo wiki hii, hazijawahi kufunguliwa.

Basi lilikwenda vizuri mpaka tulipoingia Usangu. Karibu na Igawa likaanza kunuka mpira wa kuungua, dereva akaegesha pembeni, tukaambiwa tushuke, fundi anaitwa. Fundi alikuwa anatoka Makambako. Tukakaa kwenye nyasi, upande huu mashamba ya mpunga, upande ule ng'ombe wengi sana na vijana wenye fimbo.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma yetu akaja akakaa karibu na mizigo yangu. Msukuma, mtu mzima, ana mikono mikubwa ya kazi. Wenzake walikuwa wanamwita mama Masanja. Akatazama magodoro juu ya basi.

"Mnahama?"

"Tunahama mama. Tunaenda Mafia."

"Mafia ndiyo wapi?"

"Kisiwa. Baharini."

"Mimi nilihamia hapa Usangu nikiwa na mtoto mgongoni na ng'ombe mbele. Tumetoka kwetu Shinyanga, tunatembea tu. Mume wangu aliniambia Usangu kuna majani. Hakuniambia kuna mbu." Akacheka mpaka akajipangusa macho. "Umebeba chakula cha kwenu?"

Nikamtajia unga, maharage, mchele.

"Hicho ni cha kwako wewe mpishi. Watoto wakilia usiku wanataka nini?"

Nikamgeukia Lusajo nikamuuliza, akasema kande. Mama Masanja akafungua mfuko wake, akatoa michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani. Akampa kila mtoto konzi moja.

"Wanangu walikataa chakula cha huku," akasema. "Nikawa nawapigia kelele: kuleni, ndiyo chakula kilichopo! Wakazidi kukonda. Jirani yangu Msangu akaniambia, wape kidogo cha kwenu kwanza, halafu wale na wenzao. Nikawapa michembe mdomoni, wakiwa bado wanatafuna nawapeleka kwa jirani. Leo ukiwaambia mchembe wanakwambia hiyo ya bibi."

Nimekuwa nikiwaambia watu ushauri wa mama Masanja kuliko ushauri mwingine wowote niliopewa. Fundi alikuja, basi likapona, naye akashuka mbele kidogo hata hatukuagana vizuri kwa sababu ya mizigo yake.

Kihesa

Mama mkwe wangu ni mjane, anakaa peke yake Kihesa, kwenye nyumba waliyojenga na marehemu mzee. Mume wangu alikuwa amemsihi sana kwenye simu ahame na sisi. Alijibu neno moja: hapana. Tulipitia pale kulala na kumuaga tu.

Alitupikia ugali, maharage na majani ya maboga yenye karanga. Hakuuliza lolote kuhusu safari. Aliuliza kama mwanae amekonda, nikasema sijui, kwenye picha anaonekana sura tu.

Asubuhi nilipotoka na watoto nilimkuta getini amevaa sweta lake la kijani, kitenge kipya, begi begani, na dumu la maji miguuni.

"Kamwene mama. Unakwenda wapi?"

"Kamwene. Nakwenda kuona mwanangu analala wapi. Nikishaona narudi."

"Mama, ni mbali."

"Nimesikia ni mbali. Ndiyo maana nimebeba maji."

Jirani alipotokea kumuuliza, akamjibu anatusindikiza mpaka Ilula. Nikamtazama. Akanikazia macho. Kuku wake walibaki wakizurura uani, na mlango aliuvuta tu kama mtu anayekwenda dukani.

Ilula, Kitonga, na lile joto

Ilula mnapajua, basi halijasimama bado nyanya zimeshafika dirishani. Nilitaka tenga zima, kwa sababu mume wangu alikuwa amenilalamikia kwamba nyanya kisiwani ni za shida. Dada aliyekuwa anauza akaniuliza tunakwenda wapi. Nilipomwambia, akarudisha tenga lake chini.

"Dada, hizi zitakufia njiani. Chukua zile ngumu za kijani, kidogo tu. Vitunguu nunua huko mbele Ruaha Mbuyuni."

Ni muuzaji wa aina gani anayekataa kuuza? Nikaona labda ana dharau. Nikang'ang'ania tenga. Mama mkwe akanibana mkono, "Si umesikia?" Tukachukua za kijani. Abiria wa mbele yetu alichukua tenga zima la zilizoiva, na tulipofika Morogoro basi zima lilikuwa linanuka mchuzi uliochacha.

Tulishuka Kitonga polepole nyuma ya malori, kona baada ya kona, masikio yanaziba. Na pale chini, Ruaha Mbuyuni, mlango wa basi ulipofunguliwa, ndipo joto liliponigusa kwa mara ya kwanza. Nimezaliwa Tukuyu kwenye mvua na migomba, nimeolewa Mbeya kwenye ukungu. Sikujua kama hewa inaweza kuwa nzito hivyo. Nikaanza kumvua Lusajo sweta.

"Usimvue," mama mkwe akasema. "Jasho likikutana na upepo wa dirishani ni kichomi."

Kwetu huku hilo ni kweli kabisa, na kila mmoja wenu angesema vile vile. Nikamwachia sweta.

Mikumi watoto waliona tembo na twiga, mama mkwe akawatazama wale tembo kwa chuki ya mkulima, akasema hawa wangeingia shamba la mtu ingekuwaje. Dar es Salaam tulilala Mbagala kwa rafiki yangu tuliyeimba naye zamani. Humo ndani feni ilizunguka na hakuna aliyepata upepo. Lusajo alikunywa maji kidogo, akakataa chai, akakataa mkate. Nikafikiri ni uchovu.

Nyamisati

Kwenda Mafia kwa boti unapandia Nyamisati. Kutoka Mbagala unapita Mkuranga kwenye mikorosho, unafika Bungu, halafu unakata kushoto barabara ya vumbi mpaka inapoishia kwenye mikoko. Tulifika mchana jua limesimama kichwani. Wapagazi wakachukua magodoro, vyombo na cherehani, wakavipakia kwenye boti moja kwa moja. Nikafurahi, nikaona mambo yanakwenda.

Hayakwenda. Boti ilikuwa imekaa tu pale, abiria wamekaa kwenye kivuli cha banda, hakuna anayejishughulisha. Nikamuuliza nahodha, baba mmoja aliyekuwa anakula embe kwa kisu, tunaondoka saa ngapi.

"Hatuondoki. Maji hakuna."

Mama mkwe alimsikia. Akaenda kwenye mizigo yetu ya mkononi, akachukua dumu lake la maji ya Kihesa, akalibeba kwa mikono miwili mpaka mbele ya nahodha, akaliweka chini.

"Chukueni haya baba. Sisi tutakunywa kidogo kidogo."

Nahodha akatazama dumu, akamtazama mama, akatazama bahari. Hakucheka. Mimi ningekuwa yeye ningecheka. Akainuka, akamshika mama mkono, wakaenda pamoja mpaka ukingoni, akamwonyesha boti ilivyolala upande kwenye tope.

"Bibi, maji ya bahari yanatoka na kurudi. Sasa hivi yametoka. Yakirudi, boti inaelea, tunakwenda. Yakitoka tena kabla hatujaondoka, tunalala hapa."

"Yanakwenda wapi yakitoka?"

"Hapo bibi umeniweza," nahodha akasema.

Tangu hapo nimejifunza kwamba kisiwani kila jambo linapangwa kwa maji. Harusi, safari, kwenda kuvua pweza. Ukiwa mtu wa kutazama saa kama mimi utagombana na watu wasio na kosa. Watu wa kule wanasema tukutane maji yakijaa, na wanakutana.

Tulikaa bandani. Pembeni yetu alikuwepo mama mmoja wa Mafia, Bi Zuhura, mwembamba, mchangamfu, anarudi kutoka kumtazama binti yake aliyejifungua Temeke. Alikuwa anatutazama tangu tufike, na mimi niliona anatushangaa sweta. Mara Lusajo, aliyekuwa amenilalia mapajani, akawa mzito. Nikamwita. Akafungua macho, lakini hakunitazama. Midomo ilikuwa imekauka na mwili unawaka.

"Lusajo! Gwe, Lusajo!"

Bi Zuhura akaruka. "Mvueni huyu mtoto! Lo, jamani, mnampika?"

Akamvuta sweta, akamvua shati, na fulana iliyokuwa chini ya shati, akalowanisha kanga yake kwa maji ya mama mkwe akamfunika nayo. Mama mkwe alisimama ameshika lile sweta dogo mikononi. "Ni malaria," akawa anasema, "ni malaria ya huku, imeshamshika."

Na hapo hapo nahodha akaanza kuita. Maji yalikuwa yameingia. Boti ilikuwa imenyooka, watu wanakimbilia kupanda, mizigo yetu yote iko ndani, na ng'ambo ya maji yale mume wangu alikuwa anatusubiri.

Nataka mjue nilichofikiri. Nilifikiri tukipanda tutafika jioni, na baba yake yupo, na hospitali ya wilaya ipo. Nilifikiri pia saa zote zile katikati ya bahari, jua, mtoto hanitazami. Nikamgeukia mama mkwe. Nilitegemea atasema twende kwa mwanangu, kwa sababu ndiye aliyemfuata.

"Hatupandi," akasema. "Baba yake atasubiri. Huyu hawezi kusubiri."

Nahodha hakuweza kutungoja. Aliniambia kwa upole, lakini aliniambia: maji hayamngoji mtu yeyote. Kushusha mizigo yetu ilikuwa haiwezekani, ilikuwa chini ya mizigo ya wengine. Bi Zuhura akanishika bega.

"Mimi naipokea mizigo yenu kule. Mumeo nitamjuaje?"

"Ni Mhehe," mama mkwe akasema.

"Mhehe yukoje?"

"Mwembamba. Mpole. Amevaa shati jeupe na suruali ya kadeti, kila siku anavaa hivyo."

"Inshallah nitamwona." Akakimbilia boti, akapanda na magodoro yetu. Kanga yake ilibaki juu ya mtoto.

Zahanati

Kijiji kina zahanati. Muuguzi aliyetupokea, dada mmoja mtulivu, alimpima Lusajo malaria, hana. Akambana ngozi ya tumbo, akaniuliza amekojoa lini. Sikukumbuka. Akasema mtoto amekaushwa na joto, maji yamemwishia mwilini, akamwekea dripu, na alipoanza kuchangamka tukawa tunampa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Mama mkwe ndiye aliyeshika kijiko. Hakumwachia mtu, wala hakukaa.

Nilimpigia mume wangu, hapatikani. Nikatuma ujumbe, haukufika. Upendo akajaribu na simu ya muuguzi, vile vile. Siku hiyo mtandao kisiwani ulikuwa umekata, jambo ambalo kule linatokea na watu hawalishangai. Mimi nililia kidogo nyuma ya zahanati, nikanawa uso, nikarudi ndani.

Jua lilipoanza kupungua Lusajo alifungua macho akanitazama sawasawa. "Mama, naomba kande."

Upendo akacheka huku analia. Mama mkwe hatimaye akakaa chini.

Tulipata kulala kwa mama mmoja wa kijijini aliyemfahamu muuguzi. Alitupikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na watoto walikula. Niliwapa kwanza michembe iliyobaki.

Kilindoni

Kesho yake tulipanda boti maji yalipojaa. Mama mkwe alikaa katikati kabisa, amefumba macho, anaimba nyimbo za kanisani kwa Kihehe, na abiria waliokuwa karibu naye, Waislamu karibu wote, wakawa wanaitikia kiitikio bila kujua maana yake. Mimi nilitapika. Upendo alitapika. Mama mkwe hakutapika, na mpaka leo anatukumbusha.

Gatini Kilindoni nilimtafuta mume wangu kwa macho nisimwone. Niliona mwanamume mmoja mnene kidogo, amevaa kikoi na kofia, amekaa juu ya magodoro. Nikatambua magodoro kwanza. Halafu yule mtu akasimama, akaingia majini na kikoi chake, akaja mpaka ubavuni mwa boti, akaushika mkono wangu kabla haijafungwa kamba.

Habari yote nilielezwa na Bi Zuhura, aliyekuwa amesimama nyuma yake na sufuria la chai. Jana yake alishuka akaanza kumtafuta Mhehe mwembamba mwenye shati jeupe. Akapita gati zima anauliza. Wakati huo baba Upendo, ambaye nazi zilikuwa zimemnenepesha, ambaye suruali za kadeti zilimchubua kwa jasho akahamia kwenye kikoi, na aliyepewa kofia na wenzake kazini baada ya jua kumbabua upara, alikuwa anaangalia abiria wanashuka mmoja mmoja. Wakaisha. Ndipo akaona wapagazi wanatupa chini magodoro yake mwenyewe, masufuria ya mke wake na cherehani. Wenye vitu hawapo.

"Mimi nimempita mara ngapi sijui," Bi Zuhura akasema. "Nikasikia mwanamume analia juu ya godoro. Nikamwambia, wewe baba, nyamaza kwanza uniambie. Wewe ndiye Mhehe?"

Aliposikia kwamba mtoto ameugua na tumebaki kwa ajili hiyo, alitaka kukodi mtumbwi aje. Wakamkatalia, maji yalikuwa yameshatoka. Basi hakuondoka gatini. Bi Zuhura alimpelekea chakula, akarudi kwake, asubuhi akamletea chai.

Mama mkwe alishushwa, akamsogelea mwanae, akamvua kofia, akamtazama kichwa, akamrudishia.

"Hujakonda," akasema. Ndiyo salamu aliyompa.

Lusajo alijificha nyuma ya kitenge cha bibi yake. Baba yake akachuchumaa, akanyoosha mkono, mtoto akakaza kitenge. Niliona uso wa mume wangu ulivyobadilika. Akainuka, akabeba godoro, akatangulia mbele kutuonyesha njia.

Kuishi sasa

Hapa ndipo wengi mnapotaka kujua, nami nasema bila kuficha: tunaishi vizuri. Lakini nyumba yetu ya kwanza ilikuwa na kisima cha maji ya chumvi chumvi, sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zinageuka. Ukipewa nyumba, onja maji kabla ya kuangalia vyumba. Cherehani nilikuta imeanza kutu ndani ya wiki chache, sasa naipaka mafuta kama mtoto mchanga na kuifunika kila jioni. Chandarua sio cha hiari. Watoto wetu wa milimani hawajazoea malaria kabisa, wakichemka kidogo unakwenda kupima, hakuna kusema tusubiri kesho.

Jirani atakusalimia, atauliza umeamkaje, watoto wameamkaje, bibi ameamkaje, na kila swali anangoja jibu. Wiki ya kwanza nilikuwa najibu "poa" huku natembea. Bi Zuhura akaniita pembeni, "Mwanangu, watu wanauliza kama una ugomvi na sisi." Nikabadilika. Nikaanza pia kujitanda kanga ninapotoka, hakuna aliyenilazimisha, na kanisani kwetu, ambako tuko wachache na kwaya ina sauti mbili tu, hakuna aliyeniuliza. Kazi ya kushona ipo. Wanaleta sare za shule na magauni ya harusi, na harusi za kule haziishi.

Chakula kilitusumbua kidogo. Siku moja niliambiwa kwa jirani kuna pure, nikaenda na hamu ya kujua pure ni nini. Ilikuwa kande! Ya nazi, lakini kande. Nilimwita Lusajo mbio. Pweza mama mkwe alimkataa kwa kusema kile ni kidudu, akala mchuzi wake kwa Bi Zuhura akidhani ni nyama laini ya ng'ombe, akaomba aongezwe, na alipoambiwa akamalizia sahani.

Na Lusajo? Baba yake hakumlazimisha. Jioni moja ya joto kali alirudi kazini na pande la barafu ndani ya gunia, akaliweka barazani, akakaa pembeni yake. Mtoto akaja, akagusa. Akaweka shavu. Akapanda juu akakaa, suruali ikalowa, akapiga kelele ya furaha ambayo sikuwahi kuisikia tangu tutoke Iyunga. Wakakaa hapo wawili mpaka barafu ikawa kipande kidogo.

"Baba," akasema, "kesho lete tena."

Mume wangu aliingia ndani akijifanya anatafuta kitu.

Kurudi Kihesa

Mama mkwe alikuwa amesema akishaona atarudi. Aliona, akakaa. Akalima matembele nyuma ya nyumba kwenye mchanga, akachanganya na samadi ya mbuzi ya jirani, na mtaa mzima ukawa unakuja kuchuma. Kila nikimuuliza anasema atarudi mvua zikikatika. Kwa hiyo mdogo wangu alipotangaza harusi yake hapa Mbeya, nikamwambia, mama, tutaongozana, nikuache nyumbani.

Tulifika Kihesa juma lililopita. Majirani walijaa uani. Wengine walikuwa hawajui alikwenda wapi, walijua Ilula. Asubuhi yake nilikuwa nimejiandaa kumshukuru na kumuaga, nipande basi la Mbeya. Nikamkuta amevaa, akaniambia nimsindikize.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Kila mlango alibisha, akasalimia Kihehe, akakaa kidogo, akashika mikono ya watu. Kwenye nyumba ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya, Kihehe changu ni cha kuokoteza. Ya pili nikasikia tena. Alikuwa anasema amekuja kuaga. Mwisho tulikwenda kwenye kaburi la mzee, mwisho wa shamba. Aling'oa magugu, akaongea naye peke yake kwa muda, mimi nimesimama mbali na viatu mkononi.

"Mama," nikamuuliza tulipokuwa tunarudi, "si ulisema unarudi kwako?"

"Nimerudi. Niliondoka bila kuaga watu, kama mwizi. Mtu mzima haondoki hivyo."

Uani alikuwa anamsubiri binti wa jirani, aliyeolewa juzi juzi na hana pa kukaa na mumewe. Mama mkwe akampa ufunguo, akamwonyesha mlango unaokwama, mahali paa linapovuja, na jiko.

"Washa moto humu kila jioni, nyumba isipoe," akamwambia. "Na watu wakiniulizia, waambie bibi amehama."